Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Wanja mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki hapa mezani. Sanduku lako liko tayari mlangoni. Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kufunga mlango. Umejipikia tangu ulipoingia chuo, na hata nikiyasema hayo utaitikia tu, "Sawa Mum," huku ukiangalia simu. Nataka kukuandikia jambo ambalo ulipaswa kulisikia kutoka kwangu zamani, na ambalo Jumapili nilishindwa kulisema.

Jumapili baada ya chakula ulituambia umepata kazi Nairobi, kazi ya kutengeneza tovuti. Baba yako akapiga makofi. Mimi nikauliza, "Ni kampuni gani hiyo?" Ukaangalia sahani, kisha ukasema, "Ni ya Anti Eunice."

"Anti Eunice yupi?"

"Mum, unajua ni yupi."

Ndiyo, nilijua. Kilichoniuma si jina lenyewe bali wepesi wa kulitamka, kama mtu aliyezoea kulitaja. Ukaeleza kwamba mmekuwa mkiongea tangu mwaka wako wa mwisho chuoni. Aliona kazi zako mtandaoni, akakuandikia, mkaonana, mkanywa chai. Nikazikumbuka zile Jumamosi ulizoniambia uko na wenzako mnasoma. Nikainuka nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nikakusikia ukimwambia baba yako, "Nilijua atafanya hivi. Anti aliniambia Mum bado ana kinyongo cha biashara. Ningemuuliza mapema angekataa."

Kinyongo cha biashara! Tangu siku hiyo ninatembea humu ndani kama mtu aliyeibiwa na wa nyumbani. Nimekupigia nguo pasi, nimekutengea chakula, nimecheka ulipochekesha, na moyoni nimekuwa nikisema: hata huyu? Sikuandikii ili uone aibu. Lakini barua hii ikianza kwa kusema sijaumia, utajua kuanzia mstari wa kwanza kwamba ninadanganya, na hutayaamini yanayofuata.

Eunice alikuwa rafiki yangu kabla sijamjua baba yako. Tulipanga chumba kimoja mtaani Free Area, hapa Nakuru, tukiwa wasichana, tukalala kitanda kimoja na kuvaliana viatu. Siku ya ubatizo wako ni yeye aliyekubeba hadi mbele, maana mimi nilikuwa bado mdhaifu. Baba yako alipoachishwa kazi kiwandani, Eunice alikuwa anabisha hodi na unga na maziwa, anasema amepita tu, na haketi, ili tusijisikie tunasaidiwa. Ninakuambia haya kwanza ili usidhani ninakuandikia habari za mtu mbaya. Mtu mbaya ningemwona akija.

Tulifungua ofisi yetu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa mjini. Mimi nilipiga picha na kutengeneza tovuti, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kukesha saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Eunice alikuwa mdomo wetu. Angeweza kuingia ofisi asiyoijua kwa kuuliza choo kiko wapi, akatoka na mteja. Mimi nikipelekwa mbele ya watu nilikuwa nashikwa na kigugumizi. Tulifaana hivyo, kila mmoja akabeba alichokuwa mwenzake hawezi.

Ni yeye aliyetuletea wale akina mama wa Molo.

Walikuwa kikundi cha wakulima wa viazi na karoti, na wengine wao waliuza maziwa. Walitaka tovuti ili hoteli za Nakuru na Naivasha ziagize kwao moja kwa moja, badala ya madalali kuja na malori na kuwapangia bei. Nusu yao walikuwa Wakalenjin, nusu Wakikuyu. Wewe umezaliwa huku, unajua historia ya sehemu ile. Kulikuwa na wakati makabila hayo mawili yalipigana, nyumba zikachomwa na watu wakalala makanisani. Hao akina mama walikuwa wamerudi kwenye mashamba yao, na polepole wakaanza kupima viazi kwa mzani mmoja. Hawakuwa wanahubiri amani. Walikuwa wamechoka tu kupunjwa kila mtu kivyake.

Siku ya kupiga picha kulikuwa na baridi ile ya Molo inayoingia hadi kwenye meno. Niliwaambia waje na nguo zao za shamba. Wakaja na nguo za Jumapili, vitambaa vimefungwa, wengine wamevaa viatu vyeupe kwenye matope. Mama Chebet na Mama Waithera walikuwa majirani, mashamba yao yametenganishwa na ua tu. Mama Waithera alikakamaa mbele ya kamera kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mama Chebet akamwekea mkono begani, akamwambia, "Cheka sasa, hii ndiyo watatumia siku ya kukuzika." Mama Waithera akapasuka kwa kicheko, kichwa nyuma, macho yamefumba. Nikabonyeza. Katika kazi yangu yote sijapata tena picha kama ile.

Basi nikarudi ofisini kuwatengenezea slaidi, zile picha za mwanzo wa tovuti ambazo moja ikiondoka nyingine inaingia. Ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa aibu. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri, nikaona nimefika. Nikaipeleka Molo, Mama Chebet akaifungua kwa simu yake iliyopasuka kioo, kule ambako mtandao huja na kwenda kama mbuzi. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, kitambaa, kisha paji la uso, ikasimama hapo.

"Kwa nini mimi nimekwama kwa paji?" akauliza.

Wenzake walicheka hadi wakashikana. Kisha picha nyingine ikaruka ndani ghafla, maandishi ya chini yakasukumwa, aliyekuwa anasoma bei ya karoti akajikuta anasoma viazi. Nilirudi Nakuru nimenyong'onyea.

Kipindi kile ulikuwa umefunga shule, uko kidato cha pili, na jioni ulikaa nami hapa hapa mezani. Ndipo ulipoipenda kazi hii, ninajua. Tulipunguza uzito wa kila picha mpaka ikawa nyepesi bila sura za watu kuharibika. Tukakitengea kila kisanduku nafasi yake mapema ili maandishi yasisukumwe. Nikafanya picha inayofuata iwe imeshafika na kusubiri nyuma wakati mtu bado anatazama iliyo mbele. Badala ya kuisukuma moja iipishe nyingine, nikaifanya ya mbele ififie taratibu na ya nyuma ijitokeze, kama ukungu unavyoinuka shambani. Nikaweka kwamba mtu akigusa kwa kidole, inasimama.

Nilidhani tumemaliza. Wewe ukatazama mara moja, ukasema, "Mum, unawaondoa kabla sijawasalimia."

Nikakuuliza una maana gani. Ukanionyesha: picha ya Mama Waithera ikija, ukasema kwa sauti, "Habari yako mama, habari ya shamba," na kabla hujamaliza amekwisha ondoka. Tukarefusha muda mpaka salamu ikaenea. Huo ndio ukawa muda wa ile slaidi, muda wa kumsalimia mtu. Na pale ndani ya msimbo, yale maandishi yanayoiendesha tovuti, mahali ambapo lazima kila kipande kipewe jina, niliiita wanja, jina lako.

Tulipoipeleka Molo mara ya pili walikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, simu moja ikipita mkono kwa mkono. Hakuna aliyekwama. Mama Waithera akagusa kioo, picha yao wawili ikasimama, akaitazama muda mrefu. "Kumbe nikicheka niko hivi," akasema. Hoteli moja ikaanza kuagiza viazi, kisha ya pili. Sikuwahi kujivunia kazi namna ile.

Miezi ikapita. Siku moja Eunice akaniambia, "Nipe zile picha kubwa za Molo na ile slaidi yenyewe, tuwe na nakala mahali pawili." Nikampa vyote kwenye flashi, bila kumuuliza swali. Kwa nini nimuulize? Huyu alikuwa mtu anayejua ufunguo wa nyumba yangu unakaa chini ya chungu kipi.

Kisha Mama Waithera akanipigia simu. Hakunisalimu. "Mama Wanja, kuja Molo."

"Kuna nini?"

"Kuja tu."

Nilienda asubuhi iliyofuata. Tulipopita Sachangwan dereva akazima redio, kama wengi wanavyofanya pale kwa heshima ya watu walioungua lori la mafuta lilipolipuka, na katika kimya kile nikaanza kuogopa bila kujua ninaogopa nini. Nilidhani labda mtu amefariki.

Niliwakuta kwenye ghala lao la viazi. Jambo la kwanza nililoliona ni jinsi walivyokaa. Zamani walikuwa wakichanganyika ovyo kwenye magunia. Siku hiyo walikuwa pande mbili, na katikati pamebaki wazi.

Mama Chebet akanipa simu yake. Mtoto wake anayefanya kazi Kericho ndiye aliyemtumia ile tovuti. Ilikuwa ya shirika fulani la nje, silitaji, linalochangisha kwa ajili ya waliofukuzwa makwao. Na juu kabisa, picha zilikuwa zinapokezana. Laini, bila kuruka, moja ikififia nyingine ikijitokeza. Kabla sijaelewa ninaona nini, moyo wangu ulitambua mwendo. Ulikuwa muda wa salamu.

Walikuwa ni wao. Nguo zile za Jumapili zilikuwa zimefanywa za kijivu, rangi imenyonywa, ili waonekane maskini. Mmoja wameandika ni mjane, na mumewe alikuwa amekaa nje ya ghala siku hiyohiyo akimsubiri. Kisha akaja Mama Waithera, peke yake. Picha ya kicheko chake ilikuwa imekatwa karibu sana, macho yamefumba, mdomo wazi, na bila yule wa kando yake ungeapa kwamba analia. Chini yake, kwa Kiingereza, iliandikwa kwamba majirani zake waliichoma nyumba yake, na kwamba leo hana kitu.

Na begani kwake ulikuwa umebaki mkono.

"Hii mkono ni ya nani?" Mama Chebet akaniuliza.

Nikamrudishia simu, hakuipokea.

"Mama Wanja, nimekuuliza. Hii mkono ni ya nani?"

"Ni wako."

"Basi mimi ndiye jirani. Mimi ndiye nilichoma." Alisema kwa upole sana, na nilitamani angepiga kelele. "Mtoto wangu amenipigia. Wakati ile alikuwa mdogo. Ameniuliza, mama, ni ukweli? Mtoto wangu, ananiuliza mimi."

"Sikufanya hii," nikasema. "Naapa."

"Hapa nani alikuja na kamera?" mwanamke mmoja nyuma yake akauliza. "Si ni wewe ulituambia tucheke? Na wewe na Waithera si ni lugha moja?"

Nikamtazama Mama Waithera anitetee. Alikuwa anatazama sakafu. Alipoinua kichwa hakunitazama mimi, aliwatazama wa upande ule mwingine.

"Nyumba yangu ilichomwa," akasema. "Hiyo si uongo. Lakini sijawahi kusema ni nani. Hata kwa bwanangu sijasema. Nilirudi hapa, nikapanda viazi, nikanyamaza, hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kuishi na watu. Sasa nyinyi wa Nakuru mmenisemea."

Wanja, nimeshawahi kutukanwa. Nimefukuzwa kazi, nimezika wazazi. Sijawahi kukosa pa kuweka macho kama siku ile.

Nilipofika Nakuru sikuenda nyumbani. Nilipanda juu ofisini, nikafungua ile tovuti, nikaingia ndani ya msimbo wake nikiwa bado nina tumaini la kijinga kwamba ni mtu mwingine, kwamba mwizi wa mbali aliichukua tu mtandaoni. Lakini zile picha kubwa hazikuwa mtandaoni, zilikuwa kwenye ile flashi. Na pale kwenye kila kipande cha slaidi palikuwa na jina: wanja, wanja, wanja. Hakujisumbua hata kulifuta.

Eunice aliingia akiwa na mandazi kwenye karatasi. Aliniona, akaona kioo cha kompyuta, akayaweka chini.

"Ningekuambia," akasema.

"Lini?"

"Walitaka nyuso haraka. Mteja mkubwa, unajua tumetafuta mteja kama huyo muda gani. Na hawa akina mama wenyewe watafaidika, watachimbiwa kisima, watajengewa..."

"Ulimkata Mama Chebet."

"Wawili wakicheka pamoja, hapo kuna hadithi gani? Mfadhili hatii mkono mfukoni kwa sababu ya mtu anacheka."

"Eunice, wamekaa pande mbili. Nimetoka huko. Wamekaa pande mbili."

Nadhani hilo lilimgusa, kwa sababu alishika kiti. Lakini akasema, "Wewe siku zote unafanya mambo yaonekane makubwa. Ni picha."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa," akasema. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Sasa unajua kwa nini Jumapili nilienda jikoni. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia mara moja tu maishani, na sikutarajia kuyasikia tena kwa sauti ya mtoto wangu.

Nilimwambia aitoe ile picha mbele yangu. Akasema si yake tena, ni ya mteja. Nikaliandikia shirika, nikajibiwa kwa adabu na bila kitu. Nikaandika tena na tena, nikawaeleza ni mkono wa nani, mpaka mtu mmoja huko akaelewa na picha ikaondolewa. Lakini kufikia hapo ilikuwa imeshatumwa kwenye simu za watu wengi, na sina njia ya kuifuata huko. Eunice alihama ofisi wiki zile zile. Aliwachukua wateja, akaniacha na viti na zulia. Akaenda Nairobi akafanikiwa, kama unavyojua kuliko mimi. Hajawahi kuniomba msamaha, wala hajawahi kukanyaga Molo.

Mimi nilirudi. Walinitaka niondoe sura zao zote hata kwenye tovuti yao wenyewe, na wakataka nifanye hivyo wakiwa wanaona. Nikakaa kwenye gunia na laptopu magotini, nikafuta mmoja baada ya mwingine, na kila nikifuta, mwenye sura akaitikia, "Hiyo imeenda." Slaidi ikabaki na viazi, karoti na makopo ya maziwa. Ilikuwa inapita vizuri kabisa, haikwami popote, na hakukuwa na mtu wa kusalimia.

Mama Chebet aliacha kikundi. Mama Waithera alimfuata nyumbani mara kadhaa akaambiwa amelala. Walikaa hivyo, ua katikati, msimu mzima na mwingine. Kilichowarudisha pamoja si mimi wala mchungaji. Ng'ombe wa Mama Waithera alikwama akizaa, mvua inanyesha, bwana wake hayupo, na alipopiga kelele aliyeruka ua alikuwa Mama Chebet. Walivuta ndama pamoja. Baadaye Mama Chebet akarudi kwenye kikundi. Lakini Mama Waithera aliniambia kuna kitu hakijarudi. "Zamani alikuwa ananishika bila kufikiria," akasema. "Siku hizi naona anafikiria kwanza."

Na wewe? Wewe ulikuwa unaniuliza, "Anti Eunice haji tena?" Nikakujibu amehamia Nairobi, ana kazi nyingi. Nilidhani ninakulinda. Ulikuwa unampenda, na slaidi ile ilikuwa na jina lako, na sikuona namna ya kukueleza jina lako limebebeshwa nini. Ukweli mwingine ni kwamba niliona haya. Mtu akisalitiwa na adui watu humwonea huruma. Akisalitiwa na rafiki humuuliza alikuwa wapi asione. Basi nikanyamaza, nikauacha mlango wazi, na Eunice akaingia kupitia huo huo mlango akakueleza anavyotaka. Hilo ni kosa langu, na sitaki ulibebe.

Lakini lililo lako ulibebe. Ulijua kuna kitu. Mtoto aliyelelewa na mama hukijua kimya cha mama yake. Uliamua kuuliza kwa Eunice kwa sababu kwake jibu lingekuwa jepesi, na ukaja kwangu wakati tiketi imeshakatwa. Sijawa tayari kusema haidhuru. Inadhuru. Nitakupenda hivyo hivyo ikidhuru, lakini nataka ujue nitahitaji muda, na usinipigie simu kila jioni kuuliza kama nimepoa.

Sikukatazi kwenda. Nimefikiria kukukataza, nikaona ningekuwa nakufundisha kuficha vizuri zaidi. Una miaka yako na una kazi yako mikononi, na kazi hiyo unaifanya vizuri kuliko mimi. Eunice atakupokea kwa mikono miwili. Atakupikia. Ukiugua atakesha nawe, na hatakuwa anaigiza. Hilo ndilo sikulielewa kwa miaka mingi, kwamba upendo wake ulikuwa wa kweli na bado haukumzuia. Nilikuwa nikidhani mtu akikupenda umekwisha kuwa salama kwake. Siku hizi ninapotaka kumjua mtu sitazami anavyonitendea mimi. Natazama anavyomtendea yule ambaye hayupo chumbani.

Siku moja atakuwekea mezani picha za watu usiowajua, atakuambia zipangwe haraka. Sijui utafanya nini. Mimi mwenyewe sikuwahi kujaribiwa hivyo, nilijaribiwa kwa kuaminiwa tu na wale akina mama, na bado nilianguka. Sitakuambia ukatae wala ukubali. Ninachotaka ni kwamba usiweze kuwapitisha wale watu kwenye kioo bila kujiuliza ni nani alikuwa amesimama kando yao.

Kabla sijaanza kuandika leo mchana nilimpigia Mama Chebet. Habari hii si yangu peke yangu, sikutaka kuitoa tena bila kumuuliza mwenyewe. Nilimweleza unaenda kufanya kazi kwa nani. Nikasikia kuku nyuma yake na mtu akipasua kuni.

Kisha akauliza, "Huyo mtoto anajua?"

"Hajui. Nataka kumwandikia."

"Mwandikie yote. Taja na jina langu."

"Na nimwambie aende, au asiende?"

"Wacha aende," Mama Chebet akasema. "Lakini asikuje siku moja kuniambia hakujua."

Baba yako atakusindikiza hadi steji ya basi asubuhi. Mimi nitakuaga hapa mlangoni, na kama sitakuwa na maneno, ujue nimeyamaliza hapa.

Mama yako